Tovuti za wajenga boti: nimezipitia wiki nzima, sasa mjomba anataka ya kwake

Kijana_wa_Masese (Jinja), Jumatatu saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Mjomba wangu anajenga boti hapa Masese tangu sijazaliwa. Hana kadi ya biashara. Alama yake ni doa la rangi ya bluu analopiga kwenye omo, yaani mbele ya boti, na wavuvi wa Buvuma wakiliona tu wanajua hiyo imetoka kwa nani. Mwezi uliopita alipigiwa simu na mteja wa Kampala, akaulizwa, "Mzee, nikupate wapi kwenye mtandao?" Mjomba akajibu, "Nipate hapa chini ya mwembe, kila siku isipokuwa Jumapili." Yule mteja hakupiga tena. Ndipo nikaitwa mimi, mpwa niliyesomea kompyuta, niambiwe kwamba ada waliyonilipia sasa imefika siku ya kurudi nyumbani.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja nilikaa wiki nzima nikipitia tovuti za wajenga boti, wakubwa wa nje na wa hapa kwetu. Naweka niliyoyaona, mnisahihishe.

Nilianza na kampuni moja ya Ulaya ya boti za matajiri, siitaji. Ukurasa umefunguka na video inayocheza yenyewe: jua linazama, mama amevaa miwani, glasi mkononi. Ikabadilika, jua likazama tena upande mwingine. Nikashuka chini, video ya pili. MB 38 zimeondoka na sijaona boti hiyo ina ubavu wa kimo gani. Na sisi bando letu lina ushuru wa asilimia 12 juu yake tangu Julai 2021, kwa hiyo hata machweo ya watu tunayalipia kodi.

Halafu nikaenda Boston Whaler, Wamarekani, wapo tangu 1958. Hapo nilikaa siku mbili. Picha nzuri wanazo, lakini kila boti ina jedwali lake: urefu, upana, uzito bila injini, inazama majini kiasi gani, watu wangapi, injini kubwa kabisa inayoruhusiwa. Na kuna mstari mmoja sijauona kwa wengine wengi: boti ikijaa maji pomoni, bado inaweza kubeba uzito gani. Yaani wanakuandikia mapema hesabu ya siku mbaya. Chanzo chake ni kwamba mwaka 1961 mwanzilishi wao, Dick Fisher, alipigwa picha katika jarida la *Life* ameketi kwenye boti huku inakatwa kwa msumeno katikati ikiwa majini, kila nusu ikabaki inaelea. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado wanakula kwa picha ile.

Damen wa Uholanzi ni dunia nyingine, wao ni tagi (boti za kuvuta meli), boti za doria, vivuko. Hawakuchezei ngoma. Jina la chombo lenyewe ni kipimo: Stan Tug 1606 ni mita 16 kwa 6, Stan Patrol 4207 ni mita 42 kwa 7. Ukisoma jina umeshajua kama kitaingia kwenye gati yako. Mjomba alipenda hilo kuliko yote. Alisema, "Hawa ni mafundi, wengine ni wapiga picha."

Hallberg-Rassy wa Sweden, wajenga mashua za tanga, wameweka mpaka mifano waliyoacha kuijenga zamani, kila mmoja na michoro na vipimo vyake. Ukinunua ya mtumba ya miaka ya 70 unaikuta. Nilijiuliza kwa nini ujisumbue na boti ambayo huiuzi tena, kisha nikaelewa: anayenunua leo anaona hatatupwa kesho.

Za hapa kwetu nilipata chache. Moja ya Kampala ina picha ya boti nyeupe kwenye maji ya bluu kama sabuni ya unga, minazi nyuma. Minazi! Ziwa letu lina rangi gani kila mtu anajua. Nyingine imekwama kwenye "Karibuni, tunatengeneza ukurasa huu" na inaonekana wanatengeneza tangu enzi za OTT, ule ushuru wa mitandao ya kijamii. Wengi hawana tovuti kabisa, wana ukurasa wa Facebook tu.

Swali langu: mteja wa boti Uganda, anayefungua kwa simu yenye kioo kilichopasuka, anataka kuona nini kwanza?

---

dereva_wa_pikseli (Ntinda, Kampala), Jumatatu saa 2:41 usiku

Uzi mzuri. Mimi boti sijui hata kupanda, natapika mpaka kwenye kivuko cha Nakiwogo. Lakini kurasa najua.

1. Facebook isiwe nyumba. Ilifungwa nchini Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na watu wakawa wanaingia kwa VPN. Fundi ambaye duka lake lote lilikuwa mle, siku ile alifungiwa duka na mtu ambaye hata hamjui. Ile iwe kibanda cha barabarani, nyumba iwe kwenye jina lako mwenyewe, .co.ug au .ug, na ulilipie kila mwaka kabla halijaisha.

2. Picha. Simu ya siku hizi inatoa picha ya MB 4 au 5. Ukipandisha kumi hivyo hivyo umemfanyia mteja kile alichokufanyia yule mama wa miwani. Punguza upana mpaka pikseli 1200, hifadhi kama WebP, aina ya faili nyepesi, kila moja ishuke chini ya KB 150. Macho hayaoni tofauti, bando linaona.

Ya tatu nimesahau. Nitarudi.

---

MzeeWaKyoga (Soroti), Jumatatu saa 3:20 usiku

Kijana, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjomba wako ana doa la bluu, la nini tovuti? Boti hainunuliwi kwa simu. Boti unaigonga kwa ngumi, unasikiliza. Mbao iliyooza inajibu kama ngoma mbovu.

---

Kijana_wa_Masese, Jumatatu saa 3:26 usiku

Mzee shikamoo. Ni kweli, lakini yule wa Kampala hakufika hata kugonga.

---

MamaMukene (Kiyindi), Jumanne saa 12:05 asubuhi

Nimetoka kuanika, nasoma haya nacheka na minazi yenu.

Mimi nina boti tatu za mukene, dagaa wa ziwani. Nikuambie ninachotaka kuona kwanza: FUTI. Jeshi lilipoingia kwenye usimamizi wa uvuvi mwaka 2017, Victoria chini ya futi 28 ikawa huendi popote. Parachuti zote, vile viboti vidogo, ziliondoka. Sasa sikiliza. Mwaka juzi nilinunua boti kwa mtu wa mwalo mwingine, simtaji wala mwalo siutaji. Picha zilikuja kwa WhatsApp, nzuri, zimeandikwa 28 kwa herufi kubwa. Nikatuma pesa nusu, boti ikaja, nikamalizia. Siku ya kwanza kupimwa: futi 26 na nusu. Yule bwana alikuwa amepima kwa kufuata mviringo wa ubavu kutoka omo mpaka tezi huko nyuma, utepe umelala kwenye tumbo la boti kama mshipi. Wakaguzi wanapima kwa kunyoosha. Boti ya mvule, mpya, nimeikata nikafanya madawati ya kanisa.

Kwa hiyo usiandike "28" tu. Piga picha utepe ukiwa juu ya boti, umenyooka, huku namba inasomeka na huku mwisho unaonekana. Hiyo picha mimi ningeilipia hata kuifungua.

Na bei uweke. Mnapoficha bei mnadhani mnatuvuta, sisi tunajua mnangoja kwanza mwone tumekuja na gari gani.

---

Nahodha_Kasenyi (Entebbe), Jumanne saa 1:15 asubuhi

MamaMukene pole na madawati.

Naongeza upande wa abiria. Boti za Ulaya zina herufi: A, B, C, D. Ukiona C maana yake imejengwa kwa upepo mpaka nguvu 6 na mawimbi mpaka mita 2. D ni maji yaliyotulia, mawimbi ya sentimita 30, mara mojamoja 50. Kuna wauzaji wanaleta boti za D za mtumba, wanaziuza hapa kwa safari za visiwani kwa sababu zina viti vizuri na paa. Nimepanda moja. Viti vizuri kweli. Kabuyaga, ile dhoruba ya ghafla, ilipotushika kati ya Kasenyi na Bukasa nilikuwa nimeketi vizuri sana nikisali.

Boti ya mjomba haina herufi hizo na asijiandikie. Lakini anaweza kusema kwa Kiswahili cha kawaida: hii ni ya pwanipwani, hii ya kuvuka mpaka Kalangala, hii usitoke nayo ukiona mawingu meusi. Fundi anajua. Aseme.

Jambo jingine ni ubao wa nyuma, wa kufungia injini. Hakuna tovuti hata moja ya hapa kwetu inayouonyesha. Wote wanapiga picha omo, kwa sababu omo ina rangi na jina na Yesu. Injini ya Yamaha Enduro ya farasi 40 ina zaidi ya kilo 70, inaning'inia na kutetemeka kwenye ubao ule siku nzima. Nionyeshe unene wake, nionyeshe bolti zimepita wapi.

---

dereva_wa_pikseli, Jumanne saa 4:02 asubuhi

Nimekumbuka ya tatu. Bei, futi, namba ya simu, vyote viandikwe kama maandishi, si ndani ya picha. Mafundi wengi wanatengenezewa bango, kila kitu kimo ndani ya bango, rangi saba. Anayetafuta "boti futi 28 Jinja" hakuti kitu kwa sababu mashine ya kutafuta haisomi bango lako kama mtu anavyolisoma. Na namba ya simu iwe ya kugusa, ikiguswa inapiga. Nimeona watu wananakili namba kwenye kiganja kwa kalamu.

Kuhusu Boston Whaler, wana pia sehemu ya kujipangia boti yako: rangi, injini, viti. Usije ukajaribu hiyo.

---

Kijana_wa_Masese, Jumanne saa 4:10 asubuhi

Nilikuwa nimeshaanza 😅

---

dereva_wa_pikseli, Jumanne saa 4:11 asubuhi

Futa. Mjomba wako ana rangi moja.

---

Mkerewe_halisi (Mwanza), Jumanne saa 7:30 mchana

Salaam kutoka upande wa kusini wa ziwa hilohilo.

Huku tuna yadi kubwa, Songoro wamejenga vivuko vya kutosha, na chuma ni habari nyingine. Lakini kwa mbao na faibaglasi nimekuwa dalali miaka mingi, na kitu kimoja nimejifunza: picha inayouza ni ya boti ambayo haijaisha. Rangi inaficha. Boti ikiwa bado mifupa, mkuku (uti wake wa mgongo) unaonekana, taruma (mbavu zake) zinahesabika, nafasi kati ya taruma na taruma unaipima kwa mkono. Mnunuzi anayejua kazi akiona picha hiyo hahitaji maneno. Na asiyejua anajifunza kwamba kuna kitu cha kuangalia.

Kwa hiyo kijana, kila boti mjomba anayojenga, piga picha nne: mkuku umelazwa, taruma zimesimama, mbao zimefungwa lakini hazijapigwa kalafati ya kuziba nafasi zake, kisha imekwisha. Weka kwa mpangilio huo. Wale Flipflopi waliojenga jahazi la taka za plastiki kule Lamu ndivyo wanavyosimulia yao, kuanzia plastiki inakusanywa ufukweni, inayeyushwa, inakuwa ubao, inakuwa taruma. Walipozunguka ziwa hili mwaka 2021 walipita kwenu na kwetu, na kila mtu aliyekwenda kulitazama alikuwa anataka kugusa mbavu za ndani, zile ndala za rangi zilizobandikwa nje hakuzijali sana.

Faibaglasi ndiyo ngumu kwa picha, kwa sababu matabaka hayaonekani yakishakauka. Fundi mwaminifu anahifadhi kile kipande alichokitoboa mahali pa bomba, anakipiga picha kwa ubavu, unaona unene na matabaka. Nimeona mmoja tu anafanya hivyo.

---

MzeeWaKyoga, Jumanne saa 8:00 mchana

Hapo kwenye mifupa nakubali. Mimi pia hugonga kabla ya rangi.

---

afande_mstaafu (Busia), Jumanne saa 12:40 jioni

Habari zenu wote. Mimi nilifanya kazi majini, sitasema kitengo.

Mnaongea futi na picha. Sawa. Mimi nataka idadi ya watu, iandikwe kubwa kuliko jina la kampuni. Novemba 2018 MV Templar ilizama karibu na Mutima, Mukono, ikiwa na watu wa starehe, waliokufa wakazidi 30. Haikuwa na leseni na ilikuwa imejaza. Ile haikuwa mbali na nchi kavu, watu wa ufukweni waliiona.

Sasa tuna sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021, na kuna idara ya usalama wa majini kwenye Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Boti ya abiria inatakiwa isajiliwe, ikaguliwe. Mjomba aandike kwenye tovuti: boti hii ni ya watu wangapi, kilo ngapi, na kwamba mteja akishanunua akaisajili. Asione haya. Anayekimbia kwa sababu umemwambia asajili, mwache akimbie.

Na huo mstari wa Wamarekani wa boti iliyojaa maji, mjomba wako anaujua wa boti yake?

---

Kijana_wa_Masese, Jumanne saa 1:05 usiku

Afande, nimemuuliza sasa hivi. Amesema mbao haizami. Nikamuuliza, pamoja na injini? Akanyamaza, akaniambia nimletee chai.

---

Nahodha_Kasenyi, Jumanne saa 1:20 usiku

Kunyamaza huko nakujua. Mbao yenyewe inaelea, ndiyo, hata mvule na uzito wake. Lakini injini inavuta tezi chini, omo inanyanyuka, na watu wote wanakimbilia omo. Hapo boti inabiringika. Nimeokota watu wawili Damba waliokuwa wamekumbatia mtungi wa mafuta, boti yao iko hapohapo imesimama wima kama mti.

Dawa yake si ghali. Jerikeni tupu ya lita 20 iliyofungwa sawasawa ikizamishwa inakuinulia karibu kilo 20, toa uzito wake mwenyewe. Nne zinabeba injini. Weka nane, uzifunge CHINI ya viti, tezi zaidi kuliko omo. Zikifungwa kwa juu hazisaidii mpaka umeshazama wewe.

---

Mkerewe_halisi, Jumanne saa 1:33 usiku

Dumu. Sisi tunaita dumu.

---

MamaMukene, Jumanne saa 1:50 usiku

Dumu, jerikeni, kidomola, ziwe tu na vifuniko. Vijana wangu wanaiba vifuniko vya kuchezea dama.

Mwambie mjomba aijaze maji boti moja tuone. Yule Mzungu alikata kwa msumeno, yeye achote tu.

---

Kijana_wa_Masese, Jumatano saa 3:00 asubuhi

Kuhusu msumeno nilimwonyesha ile habari ya 1961. Akasema, "Mwambie huyo Fisher mvule wangu si mkate." Lakini kujaza maji amekubali. Jumamosi. Kuna boti ya futi 28 ya mteja wa Buvuma iko tayari, mteja mwenyewe yupo, naye anataka kuona.

---

Kijana_wa_Masese, Jumamosi saa 2:45 usiku

Nimerudi, nimelowa, simu imepona.

Tulifunga injini mbovu ya farasi 40, ile iliyokufa, uzito uleule. Tukaichotea boti maji kwa ndoo, watoto wote wa mwalo wakaja kusaidia kuzamisha (kukumba maji kutoka hawasaidiagi, kuzamisha wanasaidia). Mara ya kwanza bila jerikeni. Maji yalipofika ukingoni tezi ikaenda, polepole, kichwa cha injini kikapotea. Omo ikapanda juu, doa la bluu likaangalia mbinguni. Vijana wawili waliokuwa ndani wakaruka. Pale ufukweni kelele zote zilikatika. Mjomba alikuwa amesimama na maji kiunoni, hakusema kitu, akakaza macho kwenye ile omo kama mtu aliyeona mtoto wake amelewa hadharani.

Tukaitoa, tukaikausha, tukafunga jerikeni nane kama alivyosema Nahodha, tano nyuma, tatu mbele. Tukajaza tena. Safari hii ililala bapa. Ukingo ulikuwa sawa na maji, nyuma chini kidogo, lakini kichwa cha injini kilionekana. Waliingia watu wanne wakaketi, maji yakawafika kifuani, na boti ikakaa. Dakika ishirini. Mmoja akaomba aletewe soda.

Nina picha zote. Hapa ndipo tatizo lilipo. Mimi nataka picha ya wanne ndani ya boti iliyojaa maji iwe ndiyo ya kwanza kabisa mtu akifungua. Mjomba amekataa katakata. "Nani atanunua boti iliyozama?" Anataka ya machweo. Anayo moja, alipigwa na mtalii, ni nzuri, lazima niseme.

---

afande_mstaafu, Jumamosi saa 3:02 usiku

Weka iliyojaa maji. Nimekaa miaka mingi nikiokota watu, sijaona fundi hata mmoja akifanya mlichofanya leo.

---

MzeeWaKyoga, Jumamosi saa 3:10 usiku

Mjomba yuko sahihi. Duka la majeneza haliweki maiti dirishani.

---

dereva_wa_pikseli, Jumamosi saa 3:15 usiku

Mzee umeniua 😂

Kijana, kwa kazi yangu nakwambia hivi: picha ya kwanza peke yake bila maneno ni hatari, mtu anapita haraka anaona boti imezama, anaondoka. Zipe mbili pamoja, kushoto bila jerikeni, kulia na jerikeni, na chini mstari mmoja: boti ileile, injini ileile, siku ileile. Mtu akiona mbili anasimama kulinganisha, na akisimama umempata. Machweo yaende mwisho wa ukurasa, karibu na namba ya simu. Mzee asinyimwe machweo yake.

---

Mkerewe_halisi, Jumamosi saa 3:40 usiku

Na yule mteja wa Buvuma alisema nini? Mbona hamumuulizi? Yeye ndiye mwenye pesa.

---

Kijana_wa_Masese, Jumamosi saa 4:05 usiku

Alilipa iliyobaki palepale. Kisha akasema ongezeni jerikeni mbili, anazilipia yeye.

---

MamaMukene, Jumamosi saa 4:07 usiku

Sasa mjomba bado anabishana?

---

Kijana_wa_Masese, Jumapili saa 10:20 jioni

Amelifikiria usiku kucha. Baada ya kanisa ameniambia, "Weka zile mbili. Lakini uandike kwamba ile ya kushoto ni ya zamani." Nikamwambia mjomba, zote ni za jana. Akasema, "Jana si zamani?"

Ukurasa wa kwanza nimeupandisha, ni mfupi. Picha mbili. Chini yake boti ya futi 28: urefu, upana, kimo cha ubavu katikati, unene wa ubao wa injini, injini kubwa kabisa farasi 40, watu, kilo, jerikeni 8 zimefungwa, bei ya wiki hii na tarehe yake kwa sababu mbao hazitulii. "Ya kuvuka mpaka Buvuma. Ukiona mawingu meusi usitoke." Picha nne za mifupa. Namba ya kugusa. Machweo. Ukurasa wote umeingia kwa KB 900, nimeupima kwa simu ya jirani yenye mtandao wa kuvizia.

Karibuni mnitukane.

---

Nahodha_Kasenyi, Jumapili saa 11:00 jioni

Ubao wa injini umeonekana. Bolti nne, zina washa kubwa kwa ndani. Nimeridhika.

---

MamaMukene, Jumapili saa 11:12 jioni

Nimefungua, imekuja upesi. Picha ya utepe nimeikuza: 28 na inchi 3, umenyooka. Ila mwisho wa tezi umekatwa na kidole cha mtu. Hicho kidole ni cha nani na kinaficha nini?

---

Kijana_wa_Masese, Jumapili saa 11:30 jioni

Mama, kidole ni cha mjomba. Anasema njoo Masese, utepe ushike wewe huku tezi, yeye atashika kule omo.

---

MamaMukene, Jumapili saa 11:31 jioni

Jumatano niko huko. Nakuja na utepe wangu.